Pantoni Iliyoshuka na Maji

Kaka yangu alikufa katika duara la dhahabu Matongo, na kwa majuma kadhaa tulishindwa kumzika kwa sababu maji yalikuwa juu yake. Nalisema hili mwanzoni ili asije mtu akasoma akingojea muujiza. Nimeshazoea: nikitaja kwamba natoka upande ule wa Tarime, watu hujiweka sawa kitini wakitaka kusikia nani alitajirika na nani alijenga. Siwezi kuwasaidia. Dhahabu niliyoiona mimi ilikuwa ya watu wengine, tena kidogo. Ninachokijua vizuri ni shimo lenye maji, mapipa yaliyofungwa kwa kamba, na mama yangu.

Duara ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao. Miaka ile ya mbio za dhahabu Matongo ilikuwa na maduara mengi kiasi kwamba mgeni alitembea akitazama chini, na mwenyeji alimkataza mtoto kukimbilia mpira. Sisi kwetu ni Gorong'a, watu wa mahindi, mihogo na ng'ombe wachache. Baba alikuwa ameshafariki, na kaka ndiye mwanamume aliyebaki nyumbani. Alikwenda Matongo baada ya mavuno, akasema atarudi kabla ya kupanda. Mama hakumzuia. Vijana wote wa rika lake walikuwa huko. Walitahiriwa pamoja, walichunga pamoja, na sasa walikuwa wakichimba pamoja. Kubaki nyumbani peke yake kungemuumiza kuliko njaa.

Duara lao halikuwa lile jembamba la kushuka kwa kamba. Lilikuwa limepanuliwa na watu wengi kwa muda mrefu mpaka likawa bonde, na kwenye kuta za udongo walichonga vidaraja vya kupandia. Mchana mmoja mvua kubwa ilinyesha nje ya msimu wake. Maji yaliingia kutoka juu, na mengine yakapenya kutoka shimo la jirani lililokuwa limeachwa. Wenzake wote walipanda. Yeye alikuwa wa mwisho, na ukuta ukashuka naye. Mvua ilipokatika palikuwa na ziwa dogo la rangi ya chai ya maziwa, na dumu moja la njano lilikuwa likielea juu yake.

Mtu aliyezama kwenye maji wazi huibuka mwenyewe baada ya siku chache. Kaka hakuibuka. Wenzake walisema udongo umemlalia, na kwamba njia ni moja tu, kutoa maji yote kisha kufukua.

Kwetu mtu huzikwa kwao, ndani ya mji wake, mahali ambapo ng'ombe wanapita na watoto wanacheza juu ya kaburi bila kukemewa. Mama alifika Matongo siku ya pili, akatandika mkeka wake karibu na ukingo, akamwambia mwenye duara kwamba hataondoka bila mwanawe. Hakupaza sauti. Mwenye duara alikuwa mtu wa Nyansurura, mfugaji wa zamani, na ninakiri hakuwa mtu mbaya. Alileta mashine yake ya kunyonya maji, akatoa na mafuta. Lakini alitueleza waziwazi kwamba masika yakianza itabidi alifukie lile shimo, kwa sababu kuta zikilowa tena zitaangukia watu wanaochimba jirani. Kwa hiyo tulikuwa na muda mpaka mvua. Ikishanyesha, kaka angebaki chini ya kifusi, na mama angerudi Gorong'a mikono mitupu.

Mashine ile iliwekwa ukingoni, mpira wake ukateremshwa majini. Ilifanya kazi vizuri mwanzoni. Maji yalishuka, watu wakaanza kuchangamka, kisha yalipofika chini kidogo mashine ikaanza kukohoa na kuvuta hewa. Walizima, wakawasha, wakamwaga maji kwenye koo lake, wakaibadilishia mpira. Haikusaidia. Usiku yale maji yalirudi palepale.

Ndipo mama akamtumia kaka yake ujumbe kupitia wafanyabiashara wa Sirari, mpakani. Mama ni Mjaluo kutoka ng'ambo ya mpaka, aliolewa na Mkurya, na mjomba wangu huyu alikuwa amefanya kazi maisha yake yote kwenye meli za ziwani, kisha bandarini Kisumu, akitengeneza vyombo. Alifika amevaa kofia ya kibaharia ambayo hadi siku ile sikuwahi kumwona hana. Mjomba hakuwa mtu wa kujishusha. Aliweza kuanza kueleza jambo wakati wa chai na kulimaliza ukiwa umeshaosha vyombo, na asiposikilizwa alinuna. Lakini alimpenda dada yake, na alipomwona pale kwenye mkeka alivua kofia, akakaa naye chini, na kwa muda mrefu hakueleza lolote.

Kesho yake aliitazama mashine, akaizunguka, akamwita mwenye duara.

"Hii kitu inajua kusukuma," alisema. "Kuvuta haijui. Ukiiweka mbali na maji inachoka. Lazima ikae karibu nayo, na maji yakishuka, nayo ishuke."

Kushuka nayo maana yake kuelea. Wazee waliokumbuka kuvuka Mto Mara kabla ya daraja walisema basi anataka kutujengea pantoni, na jina hilo likabaki. Mjomba alisema waite watakavyo. Alichotaka ni mapipa, magogo yale wanayotegemezea kuta za maduara, mbao, na kamba nyingi.

Mapipa yalitoka kila upande, mengine yalikuwa ya mafuta, mengine ya kusafishia mchanga wa dhahabu. Mjomba alilipiga kila pipa kwa fundo la kidole huku ameinamisha sikio. Lililokuwa na maji ndani, hata ya kikombe, alilikataa mpaka likaushwe na kufungwa upya kwa lami. Wachimbaji walimcheka. Maji kidogo yatafanya nini kwa pipa kubwa? Mimi ndiye niliyekuwa nikipika na kubeba, na kwa kuwa nilikuwa mtu pekee asiyembishia, mjomba alinigeuza mwanafunzi wake. Alijaza sufuria yangu maji hadi nusu, akaniambia niibebe kwa mikono miwili huku nikitembea haraka. Nilipoinama kidogo upande mmoja, maji yote yakakimbilia huko na kunivuta zaidi. Aliniambia pipa lenye maji hufanya hivyohivyo, kwamba chombo kikianza kulala, maji ya ndani hukimbilia upande unaolala na kukisukuma, badala ya kukisaidia kuinuka. Sufuria ilikuwa ya ugali wa mchana na ilibidi nikateke tena. Nilikasirika, lakini sijasahau.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa mahali pa kuiweka mashine. Mwenye duara alitaka ijengewe kichanja kirefu juu ya mbao ili isilowe, kwani ilikuwa yake na hakuwa na nyingine. Vijana wa rika la kaka walikubaliana naye. Mjomba alikataa katakata. Alisema uzito ukikaa juu, chombo kinatafuta kisingizio cha kugeuka. Ukikaa chini na katikati, kinatulia. Walibishana kwa Kikurya, Kijaluo na Kiswahili mpaka mbwa wakaondoka. Mwishowe mjomba alishinda kwa sababu alitishia kurudi kwake. Mashine ikaketi chini kabisa, kati ya mapipa, na ule mpira mrefu wa kutolea maji, ambao ukijaa huwa mzito na ungeweza kuivuta pantoni upande mmoja, akaufungia madumu matupu ili uelee wenyewe.

Siku ya kuishusha majini, alisimama pembeni na kukanyaga ukingo wa pantoni kwa mguu mmoja, akaachia, akatazama ikirudi. Akafanya hivyo kwa pande zote. Nilimuuliza anatafuta nini.

"Inavyorudi," alisema. "Ikirudi haraka, ina nguvu. Ikirudi kwa uvivu, ujue inafikiria kulala."

Ilirudi haraka. Alipandisha vijana, akawakalisha kwenye mbao, akakanyaga tena. Ilirudi haraka. Alifurahi mpaka akaomba chai ya pili. Aliwaambia wote kwamba humo ndani watu hukaa, hakuna kusimama kusimama kama wapo mnadani. Nao wakaitikia.

Mama alikuwa na ombi moja. Alitaka mtoto wake aombewe pale alipo kabla mashine haijaguswa. Aliona si vizuri kelele za injini zianze juu ya mtu ambaye bado hajasomewa neno lolote. Hakuna aliyeona ubaya. Mchungaji wetu alikuja kutoka Gorong'a, mzee mtaratibu ambaye alimbatiza kaka na kumwonya mara nyingi kuhusu pombe. Akapanda pantoni na Biblia kwenye mfuko wa plastiki. Vijana wa rika lile walipanda naye, kwa sababu wasingekubali mwenzao aombewe wao wakiwa ukingoni. Mjomba alipanda kuongoza. Wote walikaa kama walivyofundishwa. Sisi wengine tulibaki juu, na wanaume wengine wakaivuta pantoni kwa kamba taratibu mpaka katikati ya maji, juu ya pale walipodhani amelala.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama. Naweza kuona kila kitu mpaka leo. Mchungaji alisoma, sauti yake ikapanda vizuri kando ya kuta. Akafunga Biblia. Akasema, kama alivyosema kila Jumapili tangu nizaliwe, "Tusimame tuombe."

Wakasimama. Wote kwa pamoja, kwa sababu hivyo ndivyo watu husimama wakiambiwa hivyo. Hakuna aliyefikiri. Wa kwanza kabisa kuwa wima, kabla hata ya vijana, alikuwa mjomba, ameshavua kofia na kuibana kifuani.

Pantoni haikupinduka ghafla. Ingekuwa ghafla labda wangepiga kelele. Ililala kidogo upande wa kulia, kwa uvivu, na watu wenye macho yaliyofumbwa wakahamisha uzito kidogo ili wasianguke, kama mtu yeyote angefanya. Ikarudi polepole. Ikalala upande wa kushoto, zaidi. Mimi nilijua. Mdomo wangu ulifunguka lakini nilikuwa katikati ya maombi na nilishindwa kutamka. Mchungaji alikuwa amefika kwenye "Baba yetu uliye mbinguni" pantoni ilipokwenda upande na isirudi.

Kati yao waliojua kuogelea walikuwa wachache, maana sisi si watu wa ziwani. Mjomba alimshika mchungaji kwenye ukosi wa koti, akamvuta hadi kwenye kamba. Wengine walishikilia mapipa, ambayo sasa yalikuwa juu. Tulivuta kamba mpaka viganja vikachubuka. Namshukuru Mungu walitoka wote, mmoja na mkono uliovunjika, mchungaji na homa iliyomweka kitandani. Kamba zilizofunga mashine zilikatika, ikaenda chini, juu ya kaka.

Jioni ile Matongo ilikuwa na maneno mengi. Wapo waliosema marehemu hataki kutolewa. Wapo waliosema shimo limeonja damu na linataka tena, na wakaanza kumtazama mwenye duara vibaya, kana kwamba ametoa kafara, kama ilivyokuwa kawaida ya watu wa machimbo mambo yakiharibika. Mwenye duara alisema hana mashine nyingine na wingu tumeliona wenyewe. Alimpa mama pole, akasema kama angekuwa yeye angemwachia Mungu. Mama alimjibu asante.

Mjomba alikuwa akifunga mfuko wake. Nilimkuta nyuma ya kibanda tulicholala, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nguo zake bado zina tope. Hakuwa akieleza chochote. Nilimpelekea chakula akakiangalia tu. Aliniambia atapita Sirari asubuhi. Alisema maisha yake yote alipiga watu kelele wakae chini kwenye vyombo, mabosi, wanawake na mizigo yao, askari wenye bunduki, na hakuna aliyekufa mikononi mwake. Leo yeye mwenyewe amekuwa wa kwanza kusimama, akawamwaga watoto wa watu majini, akamfukia mpwa wake kwa chuma. Alilia, na mimi sikujua pa kuweka macho, maana mjomba si mtu unayemshika bega.

Mama alikuja bila kuitwa. Alikaa chini mbele yake. Walizungumza Kijaluo, nami ninaandika kwa Kiswahili nilichosikia.

"Ungekaa wakati wenzako wamesimama kumwombea mwanangu," mama alisema, "ningekuchukia mpaka nakufa."

Mama akaendelea kumwambia kwamba alimwona aliposimama, na kwamba moyo wake ulitulia kwa mara ya kwanza tangu mvua ile, kwa kuona kaka yake amevua kofia kwa ajili ya kijana huyo. Basi asimwambie kuwa lilikuwa kosa. Amwambie tu mashine inatolewaje.

Nimeufikiria usiku ule mara nyingi kuliko mazishi yenyewe. Nilikuwa na hasira na mjomba, nakubali, na hasira zaidi na mchungaji, na nyingine iliyobaki nilimpa Mungu. Mama hakuwa na hasira na mtu. Alikuwa na kazi moja na aliwahitaji watu wote wakiwa wazima kuifanya.

Mashine ilitolewa kwa ndoano kubwa yenye meno manne aliyoifua mhunzi wa pale, iliyofungwa kamba na kuburutwa chini ya maji kwenda na kurudi, huku watu wamelala kifudifudi juu ya mapipa. Kila ndoano iliponasa kitu mama aliinuka kwenye mkeka, na kila mara lilikuwa gogo au jiwe, akakaa tena. Iliponasa mashine ilituchukua nguvu zetu zote. Mwenye duara alipoiona imetoka alikuja mwenyewe na sabuni, dizeli na oili mpya. Aliifungua yeye na mjomba, wakaikausha kipande kwa kipande juani bila kutazamana usoni, na mchana wa siku ya pili ikaunguruma. Nadhani ndipo waliposameheana, ingawa hakuna aliyesema.

Ikaja shida ambayo sikuitegemea. Pantoni ilifungwa upya, mashine ikawekwa chini kama mwanzo, mchungaji akarudi, amekonda. Mjomba alitangaza kwamba mara hii maombi yatafanywa watu wakiwa wamekaa. Vijana wa rika la kaka walikataa. Hawakukataa kwa ubishi. Walisema mwanaume anayemwombea marehemu wake huku amekaa ana tofauti gani na mtu anayekunywa pombe kilabuni? Walisema wako tayari kuanguka tena. Mchungaji alisema Mungu husikia hata aliyelala kitandani, lakini alisema bila nguvu, na niliona kwamba naye moyoni alikuwa hawezi kujiona amekaa. Wakapendekeza kuombea ukingoni. Mama akasema walishamwombea, na maombi yakakatika katikati juu ya maji, na hapo ndipo yatakapomaliziwa. Mjomba akasema basi hakuna anayepanda. Wakakwama, na upande wa magharibi wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi.

Mama alikunja mkeka wake. Aliushika kwapani, akashuka vidaraja vya ukuta kwa makalio, polepole, kwa sababu alikuwa mwanamke mnene na magoti yake yalikuwa mabovu. Hakuna aliyemsogelea kumzuia. Alimnyooshea mjomba mkono, akapanda pantoni, ikazama kidogo na kutulia. Akatandika mkeka katikati, kando ya mashine. Akakaa, akanyoosha miguu mbele, akavuta kitenge chake mpaka kwenye vifundo. Ndivyo mama wa marehemu anavyokaa kwetu. Akatazama mbele.

Mjomba alikanyaga ukingo wa pantoni akaachia. Ilirudi palepale, kwa haraka kuliko siku zote. Alimwambia dada yake kwa Kijaluo kwamba unene wake hatimaye umepata kazi. Mama alicheka, sauti fupi tu, lakini alicheka.

Vijana wale walisimama kwenye tope la ukingo wakitazama. Sasa haikuwa tena habari ya maombi. Mama wa mwenzao alikuwa ameketi msibani, na mtu akifika kwenye msiba akamkuta mama ameketi chini hamsimamii kichwani. Mmoja alipanda, akakaa karibu na miguu yake. Wengine wakafuata. Mchungaji alikaa mwishoni kabisa, Biblia mapajani, na alipoanza tena alianzia pale alipokatishwa, "Jina lako litukuzwe." Pantoni haikutikisika hata kidogo.

Baada ya hapo nilidhani mama atapanda juu. Hakupanda. Alisema kama uzito wake unasaidia, utasaidia mpaka mwisho. Mjomba alijaribu kumweleza juu ya moshi wa injini na kelele, akaona anajisumbua, akageuza bomba la moshi kuelekea upepo unakokwenda na kumfunga kitambaa masikioni. Kila giza lilipoingia tulimpandisha, na kila kulipokucha alishuka na mkeka wake. Chakula chake nilikiteremsha kwa kamba ndani ya ndoo yenye mfuniko. Nilikuwa nikikaa ukingoni nikimtazama, na kila siku alikuwa chini zaidi. Maji yalikwenda, pantoni ikaenda nayo, na yeye juu yake, amenyoosha miguu. Kuta zikawa ndefu juu yake. Asubuhi niliweza kuona nyuzi za kitenge chake, jioni niliona rangi tu. Watu kutoka maduara mengine walikuja kutazama, na wakifika ukingoni waliacha kuongea. Niliogopa sana. Niliogopa kuta, niliogopa wingu, niliogopa kwamba nitampoteza na yeye mahali palepale, na kwamba nitaambiwa nimwachie Mungu.

Matone ya kwanza yalianza mchana mmoja, machache, makubwa. Mwenye duara alikuja akasimama karibu nami. Sikumtazama, nilijua alichokuja kusema. Badala yake akawaita vijana wake walete maturubai, wakayatandaza kwenye ukingo wa juu na kuyakandamiza kwa mawe ili maji ya mvua yasiingie kwenye kuta. Mvua ikapita upande, kuelekea Serengeti.

Siku iliyofuata pantoni iligusa chini. Nilisikia mlio wa injini ukibadilika, kisha mjomba akaizima. Kukawa kimya. Pipa la upande mmoja lilikuwa limekaa kwenye tope. Vijana waliteremka na majembe na koleo, tope likiwafika magotini, wakafukua chini ya ukuta ulioanguka, bila wimbo wa kazi, kwa zamu. Nilishuka vidaraja vyote nikafika. Hakuna aliyenikataza.

Walipompata walisimama wote kuziba njia ili mama asione. Walimviringisha kwenye turubai wakiwa wamempa mama mgongo, wakaacha mguu mmoja tu nje, kwa sababu turubai halikutosha. Kwenye mguu ule kulikuwa na buti la mpira. Wakambeba na kumleta kwenye pantoni, wakasita pembeni, hawajui wamweke wapi.

Mama alisogea. Pantoni ilikuwa imekwama kwenye tope, isingeweza kulala upande wowote hata wangepanda ng'ombe juu yake. Lakini alijisukuma kwa mikono, taratibu, na mkeka wake, mpaka ukingoni, akawaonyesha nafasi aliyoiacha katikati. Wakamlaza hapo. Aliuchukua mguu ule akaupakata. Akavuta buti, likakataa kwa sababu ya tope, akavuta tena likatoka. Aliligeuza, maji yakamwagika kwenye mbao, akalikung'uta mpaka yakaisha. Ndipo akalia.